Malkia Aliyelea kwa Barua

Majira yale ya baridi nililinda familia moja ya kifalme kwa wiki kumi, saa kumi na mbili kwa siku, nikiwa nimesimama. Familia yenyewe ilikuwa imekufa zamani. Ilikuwa kwenye picha. Jengo moja la maduka la Dubai lilileta maonyesho ya nakala za picha kutoka Austria, na kampuni yetu ya ulinzi ikapewa kazi ya kuhakikisha hakuna anayezigusa. Nakala, nasema. Picha ambazo si zenyewe, na bado zikawekewa kamba nyekundu na askari wanne wa kike. Mimi nilikuwa posti ya tatu, kati ya picha kubwa ya familia nzima na kabati la kioo lenye barua.

Niseme mapema kwamba sikumbuki kuhisi jambo kubwa majira yale. Watu wakiniuliza maisha ya Gulf yalikuwaje, wanangoja nilie au nijisifu, na mimi sina la kuwapa. Miguu ilikufa ganzi kufikia saa nne asubuhi, kisha ganzi ikapanda. Ukishaizoea huijui tena, unajua tu kwamba umesimama kwa sababu hujaanguka. Lilinisumbua jambo moja tu, kama kusumbua ndilo neno: binti yangu alikuwa ameacha kuzungumza nami.

Si kwamba hakushika simu. Alishika, akajibu. Niko sawa, Mama. Nyanya yuko sawa. Sawa, Mama. Alikuwa na miaka kumi na minane. Nilimwacha na kumi, kwa mama yangu kule Nyahururu, na katika miaka minane nilikuwa nimerudi mara tatu, mwezi mmoja mmoja. Zamani alikuwa akiongea mpaka kadi ya simu inamkatia neno katikati. Sasa alinijibu kama mtu anayeandikisha maelezo polisi, na nilikuwa nimejaribu upole, ukali na mzaha, vyote vikagonga ukuta.

Acha nieleze kwanza familia ya kwenye picha, maana ndiyo niliyokuwa nikiiona kuliko yangu.

Mama yao alikuwa mtawala. Si mke wa mfalme, hapana, mtawala mwenyewe. Baba yake alikufa bila mtoto wa kiume, naye akarithi nchi akiwa na miaka ishirini na mitatu na mimba tumboni, na majirani wote wakaona ndiyo nafasi ya kumnyang'anya. Walimega kipande. Kilichobaki alikishikilia kwa meno miaka arobaini. Na katikati ya vita na mikutano na karatasi za kusaini akazaa watoto kumi na sita. Mimi nilizaa mmoja nikaona nimemaliza kazi ya Mungu.

Katika picha baba ameketi upande mmoja, mama upande mwingine, na watoto wamepangwa katikati yao juu ya sakafu yenye mchoro wa nyota. Wavulana wana mapanga madogo. Wasichana wamefungwa viuno mpaka unajiuliza wanapumulia wapi. Kibao cha maelezo, kwa Kiarabu na Kiingereza, kilisema picha hiyo ilichorwa tena na tena kadiri familia ilivyoongezeka. Wageni waliniuliza maswali mawili. La kwanza, choo kiko wapi. La pili, hao wote ni wake?

Supavaiza wetu alikuwa Mhindi mmoja mpole, wa kusema taratibu, na alitukataza kuegemea, kukaa, kutafuna na kushika simu. Kusoma hakukataza. Kwa hivyo nilisoma vibao vyote vilivyokuwa karibu na posti yangu, nikavirudia, nikavijua mpaka ningeweza kuvisimulia usingizini. Nikajua kwamba mume alipokufa yule mama alikata nywele akavaa nguo nyeusi hadi mwisho wa maisha yake. Nikajua kulikuwa na binti mmoja mgonjwa-mgonjwa ambaye hakuolewa, na mwingine mrembo sana ambaye ndui ilimharibu uso, na baada ya hapo hakuna mfalme aliyemtaka. Mmoja tu aliruhusiwa kuolewa na aliyempenda. Huyo alikuwa kipenzi cha mama, na ndugu zake hawakumsamehe.

Wengine wote aliwagawa. Huyu Italia, yule Ufaransa. Wanawake wenzangu wa posti nyingine walimwona katili. Mganda wa posti ya nne, ambaye pia tulilala naye chumba kimoja kwenye makazi ya wafanyakazi kule Dubai Investments Park, alisema mama gani huyo, anagawa watoto. Nilimwambia asihukumu haraka. Nilisema yule ana mipango.

Na mimi nilikuwa na mipango. Binti yangu alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, alama zake nzuri, na mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba atasomea uuguzi, kisha aje Gulf, si kusimama kama mti wa stima kama mamake bali kufanya kazi hospitalini, avae nguo safi, aitwe sista. Barua ya kumwita kwenye mahojiano ya chuo ilikuwa imefika. Nilimuuliza kama amefurahi. Sawa, Mama. Nilimuuliza kama anaitaka hiyo kazi kweli, au niko peke yangu. Sawa, Mama. Ningependa kusema moyo uliniuma. Nilikasirika, halafu hasira ikaisha, halafu hapakuwa na kitu.

Sasa niseme lile ambalo sikumwambia Mganda wala mtu yeyote.

Kwetu msichana akishavunja ungo hamwambii mamake mambo yake. Anampelekea shangazi. Shangazi anasikiliza, anacheka, anaonya, na mama huko jikoni anajifanya hajui lolote. Ndiyo heshima yenyewe. Mama hata akisikia, hasikii. Binti yangu hakuwa na shangazi, kwa sababu baba yake alipopotea alipotea na ukoo wake wote. Kazi hiyo ikaangukia mdogo wangu, kitinda mimba wetu, aliyemzidi binti yangu miaka saba tu. Walilala chumba kimoja, walikamua ng'ombe pamoja asubuhi, na mtoto alimwita anti.

Nami nikamfanya mdogo wangu mpelelezi. Sina neno jingine. Nilianza kwa kumwomba aniambie tu kama kuna hatari. Baadaye nikataka kujua kila kitu, na yeye, ambaye tangu utoto hajawahi kunikatalia, akaniletea kila kitu. Kila Jumapili baada ya kanisa alinitumia esemesi ndefu zilizofika vipande vipande, cha mwisho mara nyingi kikitangulia cha kwanza, na kila moja iliisha kwa agizo la kuifuta. Nilisoma, nikafuta. Amegombana na rafiki yake wa darasani. Amepata hedhi chungu. Kuna kijana wa kwaya anamsindikiza. Amesema anaogopa kuona damu. Amesema ukimwita mvivu kwa simu, yeye hulia akishakata.

Ustadi wangu ulikuwa wa kutojulikana. Nikisikia habari za kijana wa kwaya, simtaji kijana. Napiga simu Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nauliza mambo ya kanisa, halafu nateleza: siku hizi mazoezi ya kwaya huisha saa ngapi, na nani hufunga mlango? Siku aliposuka nywele za rangi, akiwa na miaka kumi na minne, mdogo wangu aliniarifu papo hapo, nami sikuweza kungoja Ijumaa. Nilipiga jioni ile ile nikauliza kama mwalimu mkuu bado ni mkali juu ya nywele. Mtoto akasema atazifumua. Nilijiona hodari kweli. Wenzangu chumbani walishangaa vile nilivyo na mtoto mtiifu, na mimi huyu nikawaambia siri ni kuwa karibu na mtoto wako.

Lakini tangu Desemba taarifa zilikuwa zimekauka pia. Mdogo wangu aliandika kwamba hakuna kitu, anamsaidia nyanya yake, anakula, analala, ufute. Nilimjibu kwa hasira: nifute nini sasa? Akaapa kwamba hafichi. Alisema mtoto ni kama ameamua kwamba hana habari.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nilipoanza kusoma barua za kwenye kabati.

Binti wa mwisho wa malkia alipelekwa Ufaransa akiwa na miaka kumi na minne, kuolewa na mrithi wa ufalme. Walipofika mpakani walimvua hata nguo za kwao wakamvisha za huko. Hakuonana tena na mama yake, kamwe. Lakini mama alimwandikia. Kila mwezi tarishi alikwenda na barua na kurudi na barua, miaka kumi, mpaka mama akafa. Nakala zilikuwa mle kabatini na tafsiri pembeni, na nikizisoma nilikuwa nikisikia sauti yangu ya Ijumaa. Alimwambia apige mswaki. Alimwambia asome vitabu, na amletee orodha ya alivyosoma. Alimkataza kupanda farasi kwa fujo, akamkumbusha kufunga mkaja wa kiuno, akamuuliza kwa nini mimba haijaingia. Alimwambia anavyopendwa, na baada ya upendo mstari mmoja, ukurasa mzima wa makosa.

Na aliyajuaje makosa? Balozi. Malkia alikuwa na balozi pale Paris ambaye binti alimwamini kama mzee wake. Binti alimmwagia siri, na balozi akazipeleka Vienna kwa barua za pembeni zilizowekwa alama kwamba ni za macho ya malkia peke yake. Malkia akazigeuza kuwa mashauri. Kibao kilisema binti alishangaa mama yake anajuaje mambo ya chumbani kwake, na kwamba hakupata kumshuku balozi.

Sitadanganya kwamba nilishtuka nikajiona. Nilifurahi. Nilimwona mwenzangu. Mwanamke mwenye majeshi na mawaziri naye ilimbidi afanye vile vile nilivyofanya mimi kwa simu ya batani, kwa hivyo huenda si ubaya, ni kazi ya mama aliye mbali. Nilisimama pale na ganzi yangu nikimkubali. Hata nilijaribu mbinu yake moja: Ijumaa iliyofuata nilianza na upendo, nikamwambia binti yangu yeye ndiye jicho langu, kisha nikaingia kwenye mambo ya mahojiano. Sawa, Mama.

Kulikuwa na kibao kingine, cha binti wa miaka kumi na sita. Huyu alikuwa ameposwa na mfalme wa kusini mwa Italia, na mizigo ilikuwa imefungwa. Kabla hajaondoka mama yake alimtaka ashuke kwenye makaburi ya familia, chini ya kanisa, akaombe karibu na wafu wao, maana ndiyo ilikuwa desturi. Mke wa kaka yake alikuwa amewekwa humo karibuni, amekufa kwa ndui, na jeneza halikuzibwa vizuri. Binti aliogopa, akaenda. Alishikwa na ndui akafa siku aliyopangiwa kusafiri. Kibao kilikuwa cha haki, kilieleza kwamba pengine alikuwa ameshaambukizwa kabla ya kushuka, lakini mama alijilaumu. Kisha akamtuma binti aliyemfuata marehemu akaolewe na mfalme yule yule.

Nilisoma hayo labda mara mia. Watoto wa shule walipita, watalii walipita, na mimi nikasoma tena. Kila mara nilingoja nihisi kitu kuhusu yule wa pili, yule aliyeambiwa haya basi, zamu yako. Niliwaza tu kwamba mama alikuwa ameshatoa ahadi, angefanyaje.

Wiki ya saba, asubuhi ya siku ya kazi, watu wachache, alikuja bibi mmoja wa buibui na wajukuu wawili. Watoto walimponyoka wakaenda kwenye meza ya kupaka rangi. Alisimama mbele yangu, akanisoma uso, akaniuliza kwa Kiswahili safi kama mimi ni mtu wa Mombasa. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia ni wa Nyahururu, bara kabisa. Akaitika marahaba mwanangu, akasema huko hakujui lakini hapana neno. Yeye alikuwa mzaliwa wa Unguja, ameletwa Dubai na baba yake akiwa msichana, kabla hapajawa na lolote la kuonyesha watalii. Miwani ameisahau garini. Je, ningeweza kumsomea hizo barua, maana Kiingereza chake ni cha dukani?

Hatukuruhusiwa kuwa waelezaji. Nilitazama huku na huku, supavaiza hayupo, nikamsomea. Nilifasiri barua mbili nzima, kwa sauti ya chini, nikiwa nimetazama mbele ili kamera isinione naongea. Alisikiliza akitikisa kichwa. Kwenye mambo ya mswaki alicheka mpaka akashika kamba. Nikamweleza na habari za balozi. Akaacha kucheka.

"Na mtoto alikuwa akijua?" akauliza.

"Wameandika hakujua, bibi."

"Nani kaandika? Wanaume." Akanigeukia. "Weye hujapata kuwa mtoto wa kike?"

Akaniambia kwamba yeye alikuwa na mama mdogo wa namna hiyo, mdogo wake mamake, aliyechukua kila neno akalipeleka. Alilijua hilo kabla hajafika miaka kumi na mitano. Mwanzo lilimkera. Baadaye akaona ni faida, kwani mama yake alikuwa mkali na hakukabiliki, na jambo akitaka limfikie, alimwambia mama mdogo na kumwapisha asiseme. Kabla ya adhuhuri limefika. Hata mumewe, Mungu amrehemu, alimpata kwa njia hiyo. Alisema hayo yote kwa wepesi, kama mtu anayeeleza namna ya kupika. Kisha akaniusia nisisimamie miguu yote miwili kwa pamoja, nipumzishe mmoja mmoja, akaenda kuwakusanya wajukuu zake.

Zilibaki saa tisa za zamu. Nilianza kuzipitia esemesi za mdogo wangu kichwani, zile nilizozikumbuka, moja moja, nikijiuliza hii ilikuwa imetumwa na nani. Ile ya kulia akishakata simu. Ile ya kuogopa damu. Ile ya kijana wa kwaya, ambaye sasa niliona hakuwa na jina wala sura, alikuwa kijana tu. Kuna moja nilipoifikia niliiacha, nikaanza kuhesabu taa za dari. Mtalii mmoja aliniuliza choo kiko wapi, nikamwonyesha mkono wa kushoto, kumbe ni wa kulia.

Ijumaa nilinunua kadi mpya nikatoka nje ya makazi yetu. Kulikuwa na njia kati ya ukuta wetu na kiwanda cha madirisha ya alumini, na siku ya mapumziko malori yalisimama pale kimya, yakiwa na kivuli kizuri upande mmoja. Ilikuwa kabla ya sala ya mchana. Nilijua nitakalosema na niliogopa. Nilimwogopa mtoto niliyemzaa mwenyewe, na nilimpenda, na sikuwa na hakika vile vitu viwili vinaachana wapi.

Alishika. Niko sawa, Mama. Nyanya yuko sawa.

"Anti yako huniambia mambo yako," nikasema. "Tangu zamani. Mimi ndiye niliyemwagiza, usimlaumu yeye."

"Najua, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu zile nywele."

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo nililoshindwa kulishika. Alinieleza pole pole, sauti ya mtu mzima, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Desemba kuniambia zaidi ya maneno matatu. Alitoka saluni saa kumi, nikapiga simu saa kumi na mbili, na mtu pekee aliyekuwa amemwona ni anti yake. Usiku huo alilia. Kesho yake akafikiri. Kwa simu ya Ijumaa, alisema, mimi huuliza na yeye hujibu, na kadi inakatika kabla hajafika anapotaka kufika. Lakini wakikamua na anti yake ana wakati. Angeweza kusema jambo lote mpaka mwisho, na Jumapili lingenifikia likiwa zima. Basi akawa ananiandikia kwa njia hiyo. Miaka minne. Kijana wa kwaya hakuwepo, alitaka tu kusikia nitasema nini. Ya kuogopa damu ilikuwa kweli.

Alisema nilikuwa namjibu. Kwa kona-kona, lakini namjibu, na alizoea kungoja Ijumaa aone nitapitia wapi. Wakati mwingine alicheka peke yake. Alisema hayo na mimi nikacheka pia, kicheko kikavu, nikiwa nimeegemea gurudumu la lori.

"Lakini kuna moja hukujibu," akasema.

Sikuuliza ni ipi. Mwezi wa nane alimwambia anti yake kwamba angependa Mama arudi. Si likizo, arudi akae. Kwamba anamaliza shule sasa, hakuna haja, watakula kitakachokuwepo. Mwezi wa tisa alisema tena. Mwezi wa kumi na moja alisema tena, na safari hiyo, mdogo wangu aliandika, alisema huku ameshika kiwele cha ng'ombe na hakumtazama. Nilizipata zote tatu. Nilizisoma kwenye basi la kampuni, nikazifuta kama kawaida.

"Nilingoja," akasema binti yangu. "Nikafikiri labda anti hakutuma. Nikaangalia simu yake. Alikuwa ametuma."

Ningeweza kumwambia kwamba nisingejibu hilo bila kumfichua anti yake. Nilikuwa nalo ulimini hilo jibu, na lilikuwa uongo, kwa sababu mengine yote niliyajibu bila kumfichua mtu. Niliona aibu, aibu ya kweli, na ilikuwa karibu ahueni kuhisi kitu. Nilijua kwamba hapo ndipo pa kusema ndiyo au hapana. Alikuwa anasikiliza. Nilisikia kuku nyuma yake na mlango wa jikoni kwa mama.

"Umekula?" nikamuuliza.



"Nimekula, Mama."

Kadi haikukatika. Ilikuwa na dakika nyingi bado. Niliaga nikakata mwenyewe.

Mahojiano alienda, akapita, akaanza chuo mwezi wa tano. Damu aliizoea. Baada ya siku ile aliongea vizuri tu kwenye simu, kwa heshima, alinisimulia habari za masomo na hali ya hewa, na mtu angesikiliza angesema tumepatana. Maonyesho yalifungwa. Tuliwasaidia wafanyakazi kufungasha picha kwenye masanduku ya mbao, na mimi nilishika kona moja ya ile familia, ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani. Nikahamishiwa lango la maegesho. Kuna siku nilimkumbuka yule binti wa Ufaransa, jinsi watu wa huko walivyokuja kumkata kichwa, na mama yake tayari alikuwa amekufa miaka mingi bila kujua, na nilijaribu kukumbuka barua ya mwisho ilisema nini. Haikuwa mle kabatini.

Mwezi wa sita supavaiza aliniletea karatasi za mkataba mpya, miaka miwili. Kwa upole wake aliniuliza kama nataka siku chache za kufikiri. Nilisema khalas, hakuna haja, nikasaini juu ya boneti ya gari la mtu. Jumapili mdogo wangu akaniandikia, mstari mmoja tu, kwamba mtoto ameuliza kama nimesaini, amjibu nini. Namba ya binti yangu ilikuwa ileile na alikuwa na simu mkononi. Nilimwandikia mdogo wangu amwambie ndiyo.